Muuaji Asiyetajika Mbele ya Mkwe

Bi Maryamu wa Sindeni alikuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha: palizi na riwaya. Na riwaya zenyewe hakutaka za zamani. Alitaka zilizotoka juzi, wino bado unanukia, za upelelezi au za ndugu wanaogombea nyumba huku mmoja wao anatia sumu kwenye uji.

Zilimfikia kupitia kwa mkwewe Awadhi, fundi cherehani wa Handeni mjini, aliyezinunua kila alipokwenda Korogwe kufuata vitambaa. Awadhi alisoma kwanza, kisha mkewe Fatu akampelekea mama yake. Miaka kumi na moja Awadhi na mama mkwe wake walisoma vitabu vilevile, na miaka kumi na moja hawakuvizungumza hata siku moja. Mkwe ni mkwe. Awadhi akimwona Bi Maryamu njiani, aliingia kwenye mahindi ya watu mpaka mama apite. Mgeni angedhani wamegombana, kumbe ndiyo heshima yenyewe.

Mwaka huu ikaja riwaya moja ya balaa. Tajiri kafia mezani, kijiko mkononi, na kila mtu nyumbani mwake ana sababu ya kumuua. Bi Maryamu aliacha ugali uungue. Mpelelezi akawakusanya wote sebuleni, akanyoosha kidole, na kitabu kikaishia hapo. Kurasa nne za mwisho hazikuwepo. Fatu, ambaye kwake karatasi ni karatasi tu, alikuwa amezifungia bagia.

"Mwanangu, umenimaliza," mama alisema, na hakuwa anatania. "Kamuulize mumeo, nani kamlisha sumu yule tajiri?"

Fatu akaenda, akarudi. "Anasema ni mtu wa mlemle ndani."

"Si wote ni wa mlemle ndani! Rudi."

Akarudi tena. "Anasema amesahau."

Amesahau! Mtu husahau deni, hasahau muuaji. Wiki nzima Bi Maryamu hakupata usingizi. Mwisho akajitanda khanga, akaenda Handeni, akaketi uani, nyuma ya ukuta wa chumba cha cherehani. Kuzungumza na mkwe uso kwa uso, haiwezekani. Lakini hakuna mila inayomkataza mtu kuzungumza na kuku.

"Ewe kuku," akasema kwa sauti, "hivi yule tajiri aliuawa na nani?"

Ndani, cherehani ikanyamaza. Kisha Awadhi akamwambia mkasi wake: "Mkasi wangu, aliyeua ni dereva."

Bi Maryamu akarudi Sindeni na raha zake, akakianza kitabu upya ili aone alipitwa wapi. Akasoma siku mbili, mstari kwa mstari. Familia ile haikuwa na dereva. Haikuwa hata na gari.

Sasa mtu mzima, mswalihina, adanganye kwa nini? Akawapitia watu wa nyumba ile mmoja mmoja, akimtafuta ambaye Awadhi asingethubutu kumtaja mbele yake. Alikuwepo mmoja tu: mama mkwe wa marehemu, yule aliyempikia.

Bi Maryamu alicheka mpaka akashika mbavu, na moyoni akampenda Awadhi kuliko siku zote. Akachinja jogoo, akapika wali wa nazi, akajaza hotpoti.

"Mpelekee mumeo," akamwambia Fatu. "Mwambie muuaji nimeshamjua, na yule tajiri alistahili. Yeye ale bila wasiwasi."

Jioni Fatu akarudisha hotpoti tupu. Alisema Awadhi amekula chote, ila alichelewa kidogo kuanza.