Cha Marehemu

Kwanza ulikuwa mluzi. Mwembamba kama wa mbu, ulipanda taratibu nyuma ya ukuta wa chumba changu, ukafika juu kabisa, ukakatika, kisha ukaanza tena. Nilikuwa bado nimefumba macho, blanketi limenifika puani, na nje ukungu wa Kasulu ulikuwa haujaamua kuondoka. Lakini nilijua Baba ameamka, yuko kitandani kwake na kamera zake mbili, anajaribu flashi moja baada ya nyingine kabla ya kuingia mtaani. Kisha ndipo ilipofuata harufu ya kuni za mkaratusi, kikohozi chake, na mwanga mweupe uliopenya mara mbili chini ya mlango.

Baba alikuwa mpiga picha wa kutembea. Hakuwa na studio wala pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Alikuwa na kamera ndogo mbili, nyeusi, za kuenea kiganjani, zinazofanana kama mapacha, na mkoba wa kuzibebea kiunoni. Moja aliiita Mzima. Ya pili aliiita Marehemu, kwa sababu mota yake ya kuvuta mkanda ilikuwa imekufa, ingawa flashi iliwaka na kitufe kililia kama kawaida. Marehemu nayo ilikuwa na kazi. Watoto walipomfuata sokoni wakipiga kelele, "Mzee Picha, tupige cha bure!", aliitoa, akapiga goti kwenye vumbi, akawapanga warefu nyuma wafupi mbele, akawamulika. Walitawanyika wakicheka, wameridhika. Mlevi wa stendi, aliyedai kupigwa kila Jumamosi na hakuja hata siku moja kuchukua picha yake, naye alipigwa cha Marehemu. "Mtu anataka kutazamwa," Baba aliniambia. "Karatasi ni mambo ya baadaye." Wakubwa wote wa mtaa ule waliijua Marehemu na waliicheka. Wakati ule sikuona ubaya wowote ndani ya mzaha huo.

Msimu ninaoukumbuka, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na udongo mwekundu ulinata kwenye kila ndala. Baba alinifundisha kupiga picha kama walivyotaka wateja: mtu asimame wima, mikono ubavuni, uso umefungwa kama yuko mbele ya hakimu, na miguu ionekane. Picha isiyo na miguu ilirudishwa. "Kwani nilikuja kwako nikielea?" muuza vitenge mmoja alimfokea Baba mbele ya duka lake. "Viatu hivi nimevinunua vya nini?" Nilijifunza, lakini nilichoshwa na watu wanaoganda. Mimi nilipenda nukta ile ya kabla, mwanamke anaposhika ncha ya kanga kwa meno ili ajifunge vizuri, au mzee anapojisahau na kucheka. Baba aliisubiri ipite. Mimi niliihesabu kama kitu kilichopotea, na ilinisumbua kwamba hakuna aliyeihitaji.

Jirani yetu alikuwa Mama Ester, fundi cherehani. Mama yake mzazi, Bibi Roza, ndiye aliyevuka naye kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni. Mtoto yule wa mgongoni sasa alikuwa raia, ameolewa, ana shamba upande wa Kabanga na watoto wanaoongea Kiha kama sisi. Lakini bibi alikuwa amechoka kuzeekea kwa watu. Alitaka kurudi kwenye mlima wa baba yake, huko Burundi. Alikuwa aondoke alfajiri kwenda Kibondo kuungana na wenzake waliokuwa wakivuka kurudi. Siku moja kabla ya safari, Mama Ester alisimama mlangoni kwetu na sindano bado imechomekwa kwenye blauzi.

"Baba Neema, nipige na mama yangu," alisema. "Hatujawahi kupigwa pamoja. Nibaki hata na uso wake."

Baba alikuwa ameshikwa na malaria, anatetemeka chini ya makoti mawili. "Mkanda umebakiza picha tatu," alimjibu. "Zote zako. Neema atakuja saa kumi."

Saa saba nilitoka na Mzima. Nilijiambia nitapiga moja tu, kuzoeza mkono. Karibu na soko, mtu wa kijiji cha Titye alikuwa akisukuma baiskeli iliyofungiwa mlango mpya, mlango mzima wa mbao, kana kwamba anautafutia nyumba. Sikumwomba asimame. Nilibonyeza. Sijui kama nitaweza kuieleza furaha ile: alipita, akaenda zake, na bado nilikuwa naye mkononi. Nikawaona wanawake wawili wa Rungwe Mpya wakibishana juu ya kichane cha ndizi, mmoja ameshaanza kucheka kabla hajamaliza kukasirika. Nikabonyeza. Na mwenye duka la kanga, kofia imemwangukia puani, amesinzia juu ya kaunta na kidole bado kipo ndani ya kitabu. Nikabonyeza. Hapo kamera ikaanza kunguruma yenyewe mikononi mwangu, ikirudisha mkanda, na haikunyamaza hadi ulipokwisha. Niliibana tumboni ili isisikike, kana kwamba mtaa mzima ungejua.

Ningeweza kusema. Kulikuwa na saa tatu nzima za kusema, na dukani palikuwa na mikanda. Lakini Baba alikuwa amelala, midomo imepauka, na hofu ya mtoto haina hesabu nzuri. Saa kumi nilivuka uchochoro nikiwa na Marehemu.

Bibi Roza alikuwa ameoga. Alivaa gauni la bluu lililoshonwa usiku uliotangulia na viatu vya mkwewe vilivyomzidi. Mama Ester alimpaka mafuta usoni, akamfuta, akampaka tena. Waliketi kwenye benchi mbele ya nyumba, na bibi akaushika mkono wa bintiye kwa mikono yake miwili. "Miguu inaonekana?" aliniuliza Mama Ester. Nikasema inaonekana. Mluzi ulipanda, nikabonyeza, mwanga ukawapiga. Nilifanya hivyo mara tatu, kama tulivyoahidi. "Urakoze, mwana wanje," bibi alisema, ahsante mwanangu, akanishika shavu kwa kiganja kilichonukia mafuta ya mawese. Kesho yake, ukungu haujatoka, alikwenda.

Baba alipopona alipeleka mkanda Kigoma kusafishwa. Aliporudi alizipanga picha mezani, akaja kukaa mbele yangu na tatu za mwisho. Mlango juu ya baiskeli. Ndizi. Usingizi. "Bibi Roza yuko wapi?" aliuliza. Nikamwambia nilimpiga cha Marehemu. Hakunipiga. Alikwenda kwa jirani, nami nikamsikia akisema picha imeungua. Usiku huo alitoa betri ndani ya Marehemu na kuiweka juu ya kabati. Watoto walilia cha bure msimu mzima. Kabla mvua hazijarudi, habari ilifika kwamba bibi amefariki huko mlimani kwao.

Sasa Baba naye hayupo. Mimi ninaandika vitabu, na kila nikirudi Kasulu ninatembea mtaani na simu, napiga milango, ndizi, usingizi. Nina maelfu ya picha ambazo sizitazami. Hakuna anayeniuliza miguu yake iko wapi. Ninachoka hata kuzifuta. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mama Ester. Aliacha cherehani, akanipa chai, na ukutani kwake hapakuwa na picha hata moja. Nilipouliza, alisema hataki picha za wasafiri. Ester alipokwenda chuo, wenzake walitaka wapigwe pamoja stendi, yeye akamtoa kwa mkono. "Ya mama iliungua, na mama akafa. Nilielewa."

Basi nikamwambia. Nilieleza mkanda, Marehemu, mluzi. Alisikiliza akikunja kitambaa kile kile, akikikunjua, akikikunja.

"Kwa hiyo haikuungua?"

"Haikuungua, Mama. Haikupigwa."

"Na zile tatu uliwapa akina nani?"

Nikamtajia. Mtu wa Titye na mlango wake. Wanawake wa ndizi. Mwenye duka.

"Unawajua?"

"Hapana."

Alikiweka kitambaa chini. Kisha akainuka, nami nikainuka. Mama Ester hajawahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Hujitanda kanga na kukusindikiza hadi daraja la mtaro, hata mvua ikinyesha. Nilitangulia kutoka. Nilisimama kwenye hatua ya kwanza, nikisubiri ndala zake nyuma yangu. Nikasikia mlango ukirudishwa taratibu, na baada yake komeo.