Bosi aliponiuliza anunue bunduki gani

Leo nimemchagulia mtu bunduki.

Bosi wangu hapa Thongpiny, mtaa wa Juba, ni khawaja, mzungu mpole. Kwao ana ukuta mzima wa bunduki za zamani, za kutazama tu.

Wakati wa chai akanigeuzia laptop. Picha mbili.

"Nisaidie. Ninunue gani sasa?"

Kidole kikaenda chenyewe kwa ile ya mbao, yenye mkanda wa ngozi.

"Kwa nini hiyo?"

Wale tuliosoma pamoja Kenya mnajua baba hakurudi kutoka vitani. Ila sikuwahi kuwaambia kwamba mwenzake wa jeshini alituletea bunduki ya baba tu. Na kwetu mtu hawezi kukosa kaburi. Baba mdogo akaizika hiyo, imefungwa shuka kama maiti.

Nikamwambia bosi, "Inafanana na ile tuliyoizika badala ya baba."

Akaitazama tena ile picha. Nikadhani anatafuta neno la pole.

Kisha akauliza polepole, "Mliizika na mkanda wake?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilisema ndiyo. Sikukasirika hata kidogo. Tangu nirudi Juba, ndiye mtu wa kwanza kuniuliza baba alizikwa vipi.