Panga Zikishikana

Lowell Brandvold alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa aina ile ambayo ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Kiwandani, walikounda pampu za visima, hakuwahi kugombana na mtu, na alipostaafu wengine walichukua muda kugundua kwamba ameondoka. Lakini Jumamosi mchana, akishuka ngazi kwenda chumba cha chini ya nyumba yake, mtu huyo huyo aligeuka mungu. Alikuwa na milima yake, wafalme wake, mazimwi yake na tauni zake, na watu wazima waliketi mbele yake wakimsikiliza roho mkononi.

Maana huo ndio mchezo wenyewe. Mnaketi mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na mwendesha mchezo, kwetu Lowell, anawaambia mnachokiona na kuwachezea maadui wenu. Mkitaka kupigana mnarusha dadu, na dadu ndizo zinazoamua nani afe. Kwetu Wiskonsini, kaskazini mwa Marekani, theluji ikishafunga barabara, utakuta taa zinawaka vyumba vya chini kila mtaa, na watu wenye vitambi wamo humo wanaokoa falme.

Meza ya Lowell ilisifika kwa mambo ya upanga. Ujanani alichoshwa na wachezaji ambao wakikatwa kidogo tu, mbio. Vita gani hivyo, mtu anatimka kama aliyeona nyuki? Akatunga sheria yake mwenyewe, ambayo huikuti kwenye kitabu chochote, akaiandika ubaoni kwa rangi nyekundu na kuupigilia ukutani juu ya jokofu la nyama ya kulungu. Wapiganaji wawili wakirusha namba sawa, panga zimeshikana. Tangu hapo hakuna wa kuingilia wala wa kutoka, mpaka mmoja afe au aweke upanga chini. Kuweka upanga chini ni kuweka dadu yako katikati ya meza na kuondoa mkono. Mshindi atatoa sharti palepale, na sharti halikataliwi. Atakayelivunja atapanda ngazi, na meza ile hataikalia tena maisha yake.

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuweka upanga chini. Waliona heri kufa. Sanamu ndogo za madini ya risasi za marehemu wao zilipangwa dirishani, kila moja na tone jekundu kifuani, na Lowell alizipangusa vumbi kwa mapenzi. Ubao ule aliuonea fahari kuliko picha yake ya harusi, jambo ambalo mkewe, Marlys, alilijua na hakulipenda hata chembe.

Marlys mapafu yalikuwa yamemchoka. Baridi ikiingia alikohoa mpaka akashika ukuta, na daktari alikwisha sema wazi kwamba mama huyu ahamie kwenye jua na hewa kavu. Dada yake Twyla, aliyekaa Arizona, jimbo la jangwa, alikuwa na nyumba ndogo uani kwake, tupu, inawangoja wao tu. Lowell alikubali tangu kiangazi. Kilichobaki ni kuwaambia wenzake wa mezani, na hapo ndipo mwanamume alipokwama. Kila Jumamosi alishuka na maneno mdomoni, na kila Jumamosi alipanda nayo.

Jumamosi moja ya Februari, asubuhi, Marlys alimkuta jikoni akipasha soseji. Marlys alikuwa ameshika sweta alilokuwa akilikunja. Hakupandisha sauti, pumzi ya kupandishia sauti hakuwa nayo.

"Twyla anakuja kunichukua Jumatatu," alisema. "Usipowaambia leo, nakwenda peke yangu. Wewe baki na dadu zako."

"Nitawaambia."

"Ulisema hivyo Novemba, Sikukuu ya Shukrani, Lowell."

Mtu mwingine angeshuka, akasema, wakalia kidogo, yakaisha. Lowell akatafuta njia ya uchochoroni. Hadithi nzima ya meza ile ilikuwa safari ya Hadrek, shujaa wa rafiki yake Duane, aliyekuwa akielekea kwenye lango la kaskazini kudai kiti cha baba yake. Hadrek akifa leo, hadithi imekufa naye. Watu watasema, basi, tumefika mwisho, na Lowell atadakia papo hapo kusema kwamba anahama. Kwa hiyo, kwenye daraja la mbele ya lango hilo, akamsimamisha Mlinzi wa Lango, mpiga upanga wa kutisha kuliko wote aliopata kuwabuni, akajiona ana akili.

Wageni walikuja kama kawaida, wakikung'uta theluji mlangoni. Roxanne Kubiak, mwenye saluni, aliyecheza mwizi asiye na haya, alileta bakuli la viazi vilivyookwa na jibini. Duane Pribyl alikuja na ovaroli ya kazini, kwani kazi yake ilikuwa kuzungusha lori la gesi ya kupashia nyumba moto, akijaza tangi la kila mteja. Duane alifiwa na mkewe, na nyumbani kwake hakuna aliyemngoja isipokuwa runinga. Hilo Lowell alilijua kuliko mtu yeyote, na ndilo lililomfunga ulimi.

Walipofika darajani, Roxanne alimtazama Mlinzi, sanamu ya risasi yenye mabega mapana, akacheka.

"Duane, huyu jamaa anakutolea macho kama baba mkwe. Mwombe radhi tupite."

"Nimwombe radhi na upanga ninao?"

Dadu zikarushwa, namba zikalingana, panga zikashikana. Pale kila dadu ilirushwa hadharani, mbele ya macho ya wote, na Lowell hangethubutu kuiba hata namba moja, hata kama nyumba ingewaka moto. Na dadu siku hiyo zilimkataa. Mlinzi wake alikatwa begani, akakatwa pajani, kila pigo lake likaangukia hewani. Uhai ukambakia tone tu. Duane alikuwa anafurahi kama mtoto, uso umemwiva.

"Huyu akianguka, lango ni letu," alisema. "Ng'ambo kuna miji saba, Lowell alishatuambia. Mimi naona hata miaka mitano tutakuwa huko. Roxy, utaiba mpaka mikono ikuume."

Juu, Marlys alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisichotaka kuisha. Roxanne akajishughulisha na viazi, Duane akachunguza kofia yake. Watu wa kwetu hawaulizi.

Lowell alitazama mezani akaona amejifungia mwenyewe na funguo ziko nje. Mlinzi akifa, miji saba inafunguka. Hadrek hafi. Na mdomo wake mwenyewe, aliujua vizuri, hautafunguka kwa hiari. Akainua macho kwenye ubao. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kusema neno zito mpaka sheria imlazimishe, na sheria ya kumlazimisha ilikuwa pale ukutani, kwa mwandiko wake. Duane ana moyo mzuri, aliwaza. Nikijisalimisha, sharti lake litakuwa niseme nina nini, nami sitakuwa na pa kukimbilia.

Akaweka dadu katikati ya meza, akaondoa mkono.

"Mlinzi anaweka upanga chini," alisema. "Toa sharti."

Roxanne aliacha kutafuna. Duane hakushangilia. Aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena, na furaha yote ikamtoka usoni.

"Sharti langu," alisema polepole, "usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Unalijua. Umeagiza nusu tangi, Lowell. Kila mwaka unajaza mpaka juu. Mtu mwenye mke mgonjwa wa kifua haagizi nusu tangi, ila kama hiyo nusu nyingine hataihitaji. Nimejua tangu Krismasi, nikanyamaza. Na wewe nyamaza. Jumamosi ijayo tunavuka lango, na ile nyingine, na ile nyingine. Hilo ndilo sharti."

"Duane, acha hayo," Roxanne alisema.

"Niache nini? Sheria kaiandika yeye."

Lowell aliutazama tena ubao. Alimpenda Duane. Aliipenda sheria ile, kitu pekee alichowahi kukitunga watu wakakiheshimu. Hakuwahi kuivunja, wala kuona mtu akiivunja. Juu, Marlys alikohoa tena, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulimtisha Lowell kuliko kikohozi. Akanyoosha mkono, akaichukua dadu yake.

"Tunahama," alisema. "Marlys hawezi kupumua hapa. Tunaondoka Jumatatu."

Duane alitazama mahali dadu ilipokuwa. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta.

"Umevunja sharti."

"Najua."

"Basi panda ngazi."

Roxanne alimwambia Duane kwamba hii ni nyumba ya mwenyewe, mtu hafukuzwi kwake. Duane alijibu kwamba nyumba ni ya Lowell, meza siyo. Lowell akasema Duane ana haki. Akasimama, akakirudisha kiti chake mezani kama mgeni mwenye adabu, akapanda.

Marlys alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, sweta magotini, anatafuta pumzi.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamenifukuza."

Alisogea kidogo, Lowell akaketi kando yake. Chini walisikia kiti kikiburutwa. Roxanne alikuwa amehamia upande wa mwendesha mchezo.  Kisha ikaja sauti ya Duane, imeziba kwa kamasi, ikisema kwamba Hadrek anasukuma lango, anaingia, je, anaona nini?

Roxanne hakujua. Miji yote saba ilikuwa kichwani mwa Lowell, mitaa yake, masoko yake, jina la kila malkia. Duane akauliza tena. Lowell alifungua mdomo, Marlys akamshika mkono, naye akafunga mdomo. Alibaki ameketi pale, dadu ngumini, akingoja kusikia Roxanne atasema nini.