Rili Iliyong'aa Kupita Kiasi

Tulimwita Kioo kwa sababu rili ikitoka mkononi mwake ungeweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Miaka thelathini na minne alikaa meza ya jirani na yangu, mimi na saa zangu, yeye na rili zake, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia. Zamani mtu alinunua rili moja ya shaba, akaitumia mpaka akairithisha. Leo wananunua za plastiki, zikikwama wanatupa, na bado wanajiita wavuvi. Mwaka huu Kioo alikuwa amepata kazi tatu tu.

Ya tatu aliileta mwalimu mmoja, mama wa makamo, kaiviringisha kwenye skafu. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Shaba yote ilikuwa imepiga weusi, isipokuwa mahali pamoja kwenye ukingo wa fremu, marehemu alipozoea kuegemeza kidole gumba. Hapo weusi ulifutika, pakang'aa, upana wa kucha.

"Baba hakupigwa picha maisha yake yote," alisema. "Nimebakiwa na hili gumba. Imekwama, ifungue uitie mafuta. Lakini usiing'arishe, mzee wangu."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Aliloweka skrubu kwenye mafuta ya taa, akapiga mswaki meno ya gia, akaiunga, ikazunguka kama mpya. Ndipo nilipoanza kumsimulia vituko vya mkwe wangu. Kioo akacheka mpaka machozi, na mikono yake, isiyojua kukaa bure, ikachukua kitambaa na dawa ya kung'arishia, ikaendelea na ilichozoea. Nilipomaliza, rili ilikuwa inawaka pande zote.

"Kioo, umefanya nini?"

Akatazama chini. Akaigeuza mara mbili, tatu. "Liko wapi?"

Kuirudishia shaba weusi si kazi ngumu. Siki, chumvi na subira. Lakini gumba lilikaa wapi? Tulipapasa ukingo kwa ncha za vidole, tukaukagua kwa lenzi yangu ya saa.

"Hapa," nikasema.

"Una hakika?"

Nikaapa. Kisha nikaapia upande mwingine. Hata hatukujua marehemu alitumia mkono gani.

"Weka popote," nikamwambia kwa hasira. "Siku hizi nani anatofautisha?"

"Nimchongee baba wa bandia?" Akaisukuma rili upande wangu. "Nisaidie, ndugu yangu. Kumbuka."

Sikukumbuka. Nimetazama vitu vidogo maisha yangu yote, na hicho sikukitazama.

Mwalimu alipokuja, Kioo alisimama kabla hajafika mezani.

"Mwanangu, nimemfuta baba yako."

Mama yule akaichukua. Akapitisha gumba lake ukingoni, mzunguko mzima, akarudia.

"Kitambaa ulichomfutia kiko wapi?"

Kioo akakitoa kwenye ndoo ya takataka, cheusi ti, kinanuka dawa. Mwalimu akakikunja taratibu, akakitia pochini, akaondoka. Rili akaiacha.

"Mwalimu!" Kioo alimkimbilia hadi barabarani, kaikumbatia ile rili. "Mwalimu, ichukue, angalau inazunguka! Mwalimu!"

Hakugeuka.

Kioo aliporudi aliketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Hajapokea kazi tena tangu siku ile. Na kusema kweli, hakuna aliyeleta.