Macho ya Mchukuzi

Cheka ukitaka, lakini kidole changu hiki hakichekeshi. Niliyoyaona niliyaona saa kumi na moja kasorobo jioni, taa zote zinawaka, na tumboni nina chai tu. Nani amewahi kulewa chai?

Nilikuwa mlinzi wa ukumbi mmoja mtaa wa Saint-Josse, huku Ulaya, kwenye maonyesho ya mchoraji wa vibonzo wa Japani, marehemu. Mji mdogo alikozaliwa umemjengea jumba la makumbusho, na jumba hilo lilituazima meza yake, kiti chake na ukurasa wa mwisho aliouacha bila kuumaliza. Maelezo ukutani yalisema mzee alikuwa akiweka alama ya X kwa penseli popote wasaidizi wake walipotakiwa kupaka wino mweusi. X kwenye nywele, X kwenye anga la usiku. Sawa. Lakini katika ukurasa ule wazungu watatu wanashuka melini, kila mmoja na kope zake, na nyuma yao yupo mchukuzi Mwafrika amebeba masanduku. Uso wake ni duara tupu lenye X. Yaani mpake wote, basi.

Miezi miwili nilikaa mbele ya duara lile. Iliniuma, nasema wazi. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini Bukavu, na macho alikuwa nayo. Mwenzangu wa zamu, tonton mmoja, mtu mzima wa Uvira, alijua mkataba wangu wa kudumu uko karibu kutoka. Akanionya: "Maman, achana na ile kitu. Bon, unataka batufukuze?"

Jioni hiyo nilikuwa nafunga peke yangu. Nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye meza ya marehemu, ndani ya kamba ya kuzuia wageni, sweta ya kijivu, miguuni soksi bila viatu. Nikamwambia tumefunga. Nikamsogelea. Ndipo nilipoona ukurasa uko mbele yake, ilhali kufuli la kabati la kioo ulimofungiwa liko palepale. Na yeye ni yuleyule wa picha ya marehemu iliyo mlangoni! Nilitaka kukimbia, usinione shujaa.

Akachovya brashi, akaninyooshea, akaigonga ile X kwa ukucha.

Wewe ungefanyaje? Mimi hasira ilifika kabla ya miguu. Hata mfu ananituma? Nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, maana Kifaransa kilinitoroka: "Hapana, papa. Muntu iko na macho. Chora kwanza macho yake, njo nitapaka."

Kisha akaiweka brashi chini, akashika kalamu, akachora macho mawili yaliyochoka, yanayomkazia msomaji. Nami nikatimiza ahadi. Nilipaka uso ule polepole, nikiyazunguka macho, wino ukanigusa ncha ya kidole. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu na ukurasa umerudi nyuma ya kioo.

Asubuhi mkuu wa maonyesho, madame mmoja, aliuona ukurasa akapiga kelele. Kamera ilinionyesha nikizungumza na kiti. Akaniletea barua ya kukiri kwamba nimeharibu mchoro, macho na wino vyote ni kazi yangu: nitie sahihi, nibaki kazini. Nikakataa.

"Wino ni wangu, madame. Macho ni yake."

Nilifukuzwa kabla ya saa sita mchana.

Siku ya kurudisha vitu Japani niliitwa nieleze. Jumba la kule lilimtuma mama mmoja wa makamo, aliyekuwa msaidizi wa marehemu. Aliukagua ukurasa kwa lenzi, akamwambia madame kwamba macho yale ni ya mkono wa bwana wake na ukurasa utatundikwa kama ulivyo. Kisha, madame alipogeuka, akavua glavu nyeupe na kunionyesha kidole cha shahada. Ncha yake nyeusi tii, sawasawa na yangu: naye aliwahi kukabidhiwa brashi ile.

Sasa nasuka nywele saluni, kule Galerie d'Ixelles. Nimesugua kwa ndimu, kwa sabuni, hata kwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo. Wino hautoki, na siku hizi sisugui tena. Wateja huuliza: "Maman, kidole yako iko na nini?" Nawasimulia. Nawe nakuambia: ukikabidhiwa brashi na yeyote, awe hai au mfu, tazama kwanza kama unayempaka ana macho. Kama hana, usipake. Mwambie aliyekupa brashi aketi amchore.