Gramu Mia Tatu za Makande

Siku Modesta alipokabidhiwa mizani, aliapa kwamba hatabuni hata gramu moja. Namfahamu, ni mwepesi wa kuapa. Mizani yenyewe ilikuwa ya jikoni, ndogo, ya betri, na pamoja nayo alipewa kimashine cha kupima sukari kwenye damu na rundo la madodoso. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka sita, na sasa alikuwa amechukuliwa kwenye utafiti wa lishe ya wazee wenye maradhi ya kudumu, kisukari na presha hasa, katika vijiji vya juu ya Mlalo. Alipangiwa wazee kumi na wawili. Kila wiki alitakiwa amtembelee kila mmoja, amuulize amekula nini tangu jana asubuhi, kisha afunue sufuria, apime kilichomo na kukiandika.

Waliotunga maelekezo hayo ni wasomi na siwalaumu sana, ila inaelekea hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia jikoni kwa mama mtu mzima wa Kishambaa akafunua sufuria bila kuambiwa. Kwetu hilo halifanyiki. Sufuria iliyofunikwa na mwenye nyumba hufunuliwa na mwenye nyumba. Ukiifunua wewe, tena mdogo kwake, umemwambia waziwazi kwamba humwamini, na habari zako zitafika kisimani kabla wewe hujafika nyumbani. Modesta amezaliwa huku huku. Wiki ya kwanza alisimama katika majiko kumi na mawili akiwa na mizani mkononi, akaona haya katika yote kumi na mawili, na mizani akairudisha kwenye mkoba. Akawa anaandika anachoambiwa. Uzito akaukadiria mwenyewe. Mzee akisema amekula makande sahani moja, Modesta anaandika gramu mia tatu.

Mgonjwa namba kumi na saba katika orodha ya mradi alikuwa shangazi yake mwenyewe, Yusta, dada wa marehemu baba yake. Mjane wa miaka sabini na miwili, mwenye kisukari kwa mwaka wa tisa. Kwa miaka thelathini haikupikwa harusi wala kipaimara pale usharikani bila Yusta kusimamia masufuria, mwiko mkononi na ulimi mkali kuliko moshi. Wapishi wenzake walimwogopa na wageni walimpenda. Modesta alipofiwa na baba akiwa kidato cha kwanza, alikula kwa shangazi huyo kila siku hadi akamaliza shule. Ukisema umeshiba, anakuongezea. Ukikataa, ananuna siku mbili. Mtu wa namna hiyo utamuulizaje kama kweli amekula?

Mahindi ya Yusta yalikuwa yakiletwa na binti yake, Klara, aliyeolewa Mazinde, kule chini tambarare. Mwaka huo mvua ya vuli iliwapita kabisa watu wa chini, na Klara akawa anahangaika na watoto wake mwenyewe. Kufikia Aprili gunia la mwisho la shangazi lilikuwa limekung'utwa, na maharage shambani yalikuwa bado maua. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliwasha moto, akabandika sufuria, akafunika. Moshi ukapenya juu ya bati, majirani wakauona, wakaendelea na shughuli zao.

Modesta alikaa kwenye jiko hilo Jumatatu tatu mfululizo. Jikoni mle mvuke ulikuwa ukiinua kifuniko na kukiacha, na harufu hakuna. Makande yakichemka yananukia mpaka barabarani, na mtoto aliyelelewa na masufuria ya Yusta hawezi kusema hakujua. Pua yake ilijua. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba ilijua tangu Jumatatu ya kwanza, akaikatalia. Alimwamkia shangazi, akauliza swali lake, na shangazi akajibu bila kupepesa macho.

"Makande, mwanangu. Nimekula nikaacha."

Gramu mia tatu, Modesta akatamka akiandika. Na vidonge vya sukari? Anameza kila siku, hakosi. Modesta aliandika na hilo pia. Kumbe vidonge shangazi alikuwa ameviacha muda mrefu, kwa sababu akivimeza tumbo likiwa tupu alikuwa akitetemeka na kutoka jasho. Aliamua mwenyewe, kimya kimya, na kwa hali yake uamuzi huo haukuwa wa kijinga.

Alhamisi moja Modesta aliteremka Lushoto kupeleka madodoso ofisini. Msimamizi wao, Aron, ni mtu mpole ambaye hajui kusifu bila kurudia mara mbili, na siku hiyo alimsifu sana. Alimwambia kazi yake ni safi, hakuna nafasi iliyoachwa wazi, na kwamba juzi Jumanne daktari wa kliniki ameitumia. Namba kumi na saba, alisema, sukari yake ilikuwa juu mno. Daktari alisoma kwamba mama anakula vizuri na dawa anameza, akaona basi dozi ndiyo ndogo. Amemwongezea, kutoka kidonge kimoja hadi viwili kila asubuhi, na amemwonya asiruke hata siku moja.

Modesta alimshukuru Aron, akatoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati huku mvua ikinyesha, akajaribu kuhesabu. Jumatano vidonge viwili, leo viwili. Chakula, hakuna. Alijua kinachotokea mtu akishushwa sukari na hana alichokula. Alikuwa amefundishwa, ana cheti. Alipiga simu ya shangazi, haikupatikana. Akapiga kwa Rukia, jirani wa upande wa chini, ambaye alikuwa akifua.

Rukia alimwambia asiwe na wasiwasi. Asubuhi ameuona moshi kama kawaida, bibi anapika.

Niseme nini? Ule moshi uliomtuliza Rukia ndio uliommaliza Modesta. Alimwomba Rukia aende akamwone, kisha simu yake mwenyewe ikazimika, maana betri ilikuwa ya mashaka tangu mwaka jana. Akapanda gari la kwanza la Mlalo. Aliogopa njia nzima, na si woga wa kusimulia kwa maneno mazuri. Alisali, akasahau katikati anasali nini. Alijiona kanisani, jeneza mbele, na watu wakimpa yeye pole, yeye aliyeandika. Njiani udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba barabara, abiria wakashuka kutazama wanaume wakichimbua. Modesta hakungoja. Aliuvuka ule udongo kwa miguu, akapoteza kiatu kimoja, akakata njia ya mkato inayopanda katikati ya mashamba ya kabichi. Alifika kwa shangazi saa tisa mchana akiwa hawezi hata kubisha hodi.

Yusta alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto uliokwisha kufa. Rukia alikuwa ameshafika, amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono yote miwili, analia. Gauni la shangazi lilikuwa limelowa jasho na uso umekuwa wa majivu. Alikuwa anaongea Kishambaa, upesi upesi, akiwagombeza watu ambao hawakuwepo kwamba wageni wameshafika na wali haujaiva. Modesta alimwita. Shangazi alimtazama, akamuuliza ni mtoto wa nani.

Modesta alidondosha sindano mara mbili ndipo akapata tone la damu. Kimashine kikasoma moja nukta tisa, na chini ya nne tayari ni hatari. Hakuwahi kuiona namba hiyo kwa mtu aliyekaa. Aliuliza sukari iko wapi, akafungua kopo la kwanza, la pili, la tatu. Yote matupu, yameoshwa yakapangwa vizuri. Rukia akakimbia kwake. Hapo ndipo Modesta, akitafuta chochote, alipofunua ile sufuria.

Yalikuwa maji. Maji matupu, ya vuguvugu, sufuria nusu. Alikishika kifuniko asijue pa kukiweka, na nyuma yake shangazi, katika kuweweseka kwake kote, akasema kwa sauti kali ya wapishi, "Nani kafunua?"

Rukia alirudi na bakuli la sukari. Waliikoroga kwenye kikombe, wakamnywesha kidogo kidogo, wakimsubiri ameze, wakihofia asipaliwe. Kikombe cha kwanza nusu kilimwagikia kifuani. Baada ya cha pili alifumba macho, na Modesta akaweka sikio puani pake ili asikie pumzi, akaisikia, akaendelea kusikiliza. Ilipita kama robo saa. Kisha shangazi akafumbua macho, akaitazama miguu ya Modesta iliyojaa tope, akamuuliza kwa Kiswahili kiatu kingine kiko wapi.

Modesta alijua haijaisha, maana vidonge vile vinaendelea kufanya kazi mwilini kwa muda mrefu na sukari hushuka tena. Yusufu, mume wa Rukia, alileta pikipiki. Walimkalisha bibi katikati, Modesta nyuma akimkumbatia na chupa ya maji ya sukari kwenye kanga, wakampeleka hospitali. Alilazwa. Usiku ule ilishuka tena mara moja, wauguzi wakaiwahi. Modesta hakutoka kitandani pale hadi Ijumaa jioni, na chakula kilichompita mdomoni tangu chai ya Alhamisi hakikuwepo.

Ijumaa hiyo Aron alikuja. Modesta alimweleza yote wakiwa wamesimama kwenye veranda ya wodi. Alimwambia hakupima. Gramu mia tatu alizitoa kichwani, na kifuniko hakukigusa kwa sababu aliona haya. Alikuwa ameshajiandaa kufukuzwa, na nadhani alitamani afukuzwe, ingekuwa rahisi zaidi. Aron hakupandisha sauti, akauliza jambo moja tu.

"Sufuria za wengine ulizifunua?"

Wazee kumi na mmoja. Mpaka wakati ule Modesta alikuwa akimwogopea mtu mmoja, na sasa alisimama pale akiyaona majiko yale mengine moja baada ya jingine, moto unawaka, kifuniko kinacheza, na daktari wa kliniki ana karatasi zenye mwandiko wake mzuri. Aron alimwambia kwamba atampigia daktari saa ile ile, dozi ya yeyote isiongezwe hadi wazee hao waulizwe upya. Akampa dodoso jipya la namba kumi na saba, aanze na huyo, aandike siku zilizotangulia kulazwa kwake. Halafu ya kazi yake wataongea baadaye.

Basi alirudi kitandani. Shangazi alikuwa ameketi, ameegemea mto, kikombe cha uji mbele yake. Alionekana mdogo. Modesta alimwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, akakaa kwenye stuli, akafungua dodoso. Akauliza Jumatano, kuanzia asubuhi, alikula nini.

Shangazi alimkagua mpwa wake kuanzia kwenye kandambili za kuazima hadi kwenye kilemba kilicholegea.

"Na wewe leo umekula nini?"

"Makande, shangazi," Modesta akasema. "Nimekula nikaacha."

Lilitoka lenyewe. Alilisikia likiwa limeshatoka, na shangazi naye alilisikia. Mama wa kitanda cha pili aliacha kusuka ukili akawatazama. Yusta aliendelea kumkazia macho, yale macho yake ya harusini, ya kuhesabu sahani.

"Gramu ngapi?"

Modesta aliinamisha kichwa kwenye blanketi akalia. Hakulia Alhamisi njiani, wala alipoona ile moja nukta tisa, lakini hapo alilia mpaka dodoso likalowa. Alisema hajala. Alisema tangu jana asubuhi, chai tu. Alisema anaogopa, anaogopa sana, na hajui ataacha lini kuogopa. Shangazi alimwacha amalize. Kisha akamsogezea kile kikombe cha uji.

"Kunywa kwanza. Ukimaliza, andika."

Akageukia ukutani, na huko ukutani ndiko alikosemea. Jumatano, maji ya moto na majani ya chai. Jumanne, viazi viwili, alivyookota kwenye shamba la watu lililokwisha kuchimbwa. Jumatatu, siku Modesta alipokuja na kuandika mia tatu, hakuna. Vidonge hakuwa akimeza, lakini daktari alimsifia mpwa wake, akasema kazi yake ni nzuri, asimharibie kwa kuruka dawa. Ndiyo maana Jumatano alianza kuvimeza. Aliyasema hayo bila lawama, kama mtu anayetaja vyombo vilivyoazimwa, na Modesta aliyaandika yote.

Ukurasa ulipojaa, aliweka tarehe, akatoa orodha ya wale kumi na mmoja, akaanza kutafuta nani anakaa karibu.

"Anzia kwa mama Mwanamisi, wa pale msikitini," shangazi akasema, bado ameelekea ukutani. "Naye anachemsha maji."