Mgeni wa Kitanda cha Mama

Msiniulize kama nilikuwa nikiota. Nilikuwa macho, nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, taa mkononi. Haya yalitokea nyumbani kwetu, nyuma ya Ndia Kuu, miaka ile reli ilipokuwa bado ngeni Mombasa.

Mama yangu alikuwa amerudi utotoni kwa uzee. Wanawe alitusahau mmoja mmoja. Marehemu baba hakumsahau, ila alisahau kwamba amekufa. Jua likitua hashikiki: anapanda, anashuka, anafungua mlango amtafute. Jirani alimkuta siku moja kwenye ngazi za forodhani, maji yamemfika magotini. Mimi usingizi niliupa talaka, na hofu ya kumpoteza ikawa inanila.

Somo yake, ajuza aliyemfunda alipokuwa mwari, akanipa shauri.

"Mtandikie kama usiku wa harusi yake. Roho imesahau, mwili haukusahau."

Nilicheka, lakini mfa maji hukamata maji. Nikafukiza shuka kwa udi, nikatawanya asumini kwenye mto, nikampaka liwa, ile sandali ya kusagwa. Akatulia, wallahi.

"Bwana yuwapi?" akauliza.

"Yuwaja, mama. Lala."

Akalala fofofo! Tukaendelea hivyo siku kadhaa, na nyumba nzima ikapumua.

Basi usiku mmoja, baada ya isha, nimekwisha kumlaza na kukomea mlango wa chini, nikasikia mitalawanda, viatu vya mti, ikitembea juu kwa mwendo wa kiume. Ni nani, na nyumbani hamna mwanamume? Nikapanda mbio. Kitandani, ubavuni mwa mama, ameketi mtu amevaa joho la bwana harusi. Uso ni wa baba, lakini wa ujanani, kabla mimi sijazaliwa. Sasa niambieni, nilimtambuaje? Hata leo sijui. Akaniangalia kama mwenye nyumba aangaliavyo mgeni asiyebisha hodi.

"Shusha taa," akasema. "Mumeniita wenyewe."

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Taa ikazimika, na harufu ya udi ikageuka harufu ya udongo wa kaburi. Nilipoiwasha tena, hapakuwa na mtu. Asumini zilikuwa zimekauka zote.

Mama alikuwa macho. Akaniita kwa jina langu, ambalo hakulitaja kwa miaka, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "yule si babako."

Kesho yake alikwisha kunisahau tena. Lakini yule mgeni, mama hakumsahau. Mpaka anakufa hakumuulizia mumewe, wala hakukubali kitanda. Nilimlaza ameegemea kifua changu, nikimkanda miguu, na kila aliposinzia alijisogeza kando, kama anayempisha mtu.

Wewe uliye na mzee aliyesahau, mbembeleze, mwimbie, kesha naye. Lakini usimwambie kwamba maiti wake yuwaja. Hujui nani anasikiliza, na anatafuta pa kulala.